Kimya cha Rufiji: Lugha za Mto Mbele ya Kiswahili

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja, na za Lamu vilevile, zina vyumba virefu vilivyo vyembamba, na wembamba huo haukuchaguliwa na fundi. Uliamuliwa na mti. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari la chokaa na mawe ikivuka upana wa hatua tatu nne, basi ukuta hujengwa pale boriti inapokoma. Wengi wetu tumezaliwa chini ya boriti hizo, tukazihesabu tukiwa wagonjwa kitandani, na tukifahamu kwamba nyingi zililetwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Na mchele nao ulitoka huko. Katika karne ya 19 bonde la mto huo lilikuwa ghala la chakula la visiwa, hata Sayyid Barghash akamtuma Mwingereza William Beardall aupande mto na kumletea habari zake. Taarifa ya safari hiyo ilichapishwa London mwaka 1881.

Tumekula mchele wao na tumelala chini ya miti yao. Lugha waliyokuwa wakiisema wakati wa kuukata mkoko na kuuvuna mpunga hatukuiuliza. Makala haya yana nia ya kuiuliza, ingawa saa imekwenda.

Msafiri aendaye kusini kutoka Dar es Salaam hupita Kibiti, kisha Ikwiriri, kisha huuvuka mto pale Ndundu kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walisubiri kivuko, na mto ulipofura walisubiri siku. Ng'ambo ya kusini, barabara ya Kilwa huipitia Chumbi (msomaji wa Unguja asiichanganye na Chumbe yetu yenye mnara), na upande wa mashariki wa barabara hiyo ndiko ulipo mji wa kale wa Muhoro. Kutoka hapo kuelekea baharini ardhi huanza kupoteza uthabiti wake. Mto hugawanyika mikono mingi, na kila mkono una mlango wake na jina lake: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo. Maji matamu na maji chumvi hushindana mara mbili kila siku. Panaota mkoko na msinzi, mkandaa na mchu, na mkomafi. Ng'ambo ya mlango wa bahari kipo kisiwa cha Mafia.

Wakazi wa nchi hii wote huitwa Warufiji na jirani zao, na wao wenyewe hulikubali jina hilo wakiwa ugenini. Lakini hilo ni jina la mto. Ukikaa nao utasikia kwamba huyu ni Mndengereko, ambaye kwao ni upande wa kaskazini, Kibiti na viungani mwake hadi kuikaribia Dar es Salaam. Yule ni Mrufiji hasa, wa bondeni. Wa deltani ni Mnyagatwa. Na wa vilima vya kusini, kati ya Rufiji na Kilwa, ni Mmatumbi, jirani ya Mngindo. Chumbi iko pale majina haya yanapoingiliana, na nyumba moja hapo huweza kuyakusanya mawili au matatu kwa njia ya ndoa. Mipaka ya serikali haikuyafuata majina haya. Wilaya ya Rufiji ilikuwa moja hadi katikati ya miaka ya 2010, ndipo Kibiti ikamegwa kuwa wilaya mbali. Idadi ya wasemaji wa kila lugha ni jambo la kukisia tu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini Tanzania kumuuliza mtu kabila lake, na tangu hapo taifa liliona kuwa swali hilo lina madhara kuliko faida. Mimi nakubaliana na uamuzi huo kwa jumla, hasa nikitazama yaliyowafika jirani zetu. Ila uamuzi wowote una gharama yake, na gharama ya huu ni kwamba lugha inaweza kupungua nusu kwa nusu bila ya daftari lolote kuonyesha.

Hapa pana dhana moja inayostahili kuondolewa mapema, kwa kuwa nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Husemwa kwamba Kindengereko na Kirufiji ni Kiswahili kilichoharibika, Kiswahili cha shamba. Mwenye kusema hivyo amedanganywa na ujirani. Malcolm Guthrie, aliyeziainisha lugha za Kibantu kwa herufi na tarakimu, alikiweka Kiswahili katika kundi la G pamoja na lahaja zake, na hizi akazipa kundi lake mbali: Kindengereko P.11, Kirufiji (alichokiandika Ruihi) P.12, Kimatumbi P.13, Kingindo P.14. Ni jamaa za Kiswahili, naam, lakini jamaa wa upande wa shangazi, wala si watoto wake.

Tuchukue Kimatumbi, kwa kuwa ndicho kilichochunguzwa zaidi. Kina irabu saba ambapo Kiswahili kina tano: baina ya i na e ipo sauti nyingine, na baina ya u na o ipo nyingine. Urefu wa irabu hubadili maana, na kiimbo cha juu na cha chini kina kazi yake katika neno. Mshairi atafahamu mara moja maana ya jambo hili. Lugha yenye irabu saba, zenye ufupi na urefu, juu yake kiimbo, ina vina ambavyo sisi hatuwezi kuvisikia, seuze kuvitunga.

Halafu tazama jinsi inavyojenga maneno. Sisi husema ubavu na wingi wake mbavu. Wao husema lubau, na wingi wake mbau. Ile l ya mwanzo ambayo Kiswahili kimeiangusha zamani, wao wanayo hadi leo. Sisi imetubakia kwa kujificha katika wingi wa maneno machache, kama ndimi na nyuso zinavyoonyesha kwamba u ya mwanzo ina historia ndefu. Neno likianza na k, tofauti hudhihiri zaidi. Ukuta wetu katika wingi ni kuta, na ile n ya wingi imepotea isijulikane iliko. Kimatumbi hakiipotezi. Mahali wanapokaa wali wa jando au unyago huitwa lukiligo, na wingi wake ni ngiligo: k imekutana na n ikalainika kuwa g, na n yenyewe imebaki. Hizi ni kanuni zinazofanya kazi kila siku kinywani mwa mtu asiyejua kusoma, na hazina upungufu wowote. Anayeziita Kiswahili kibovu amfananishe kwanza na Mreno anayeambiwa kwamba anasema Kihispania kibovu.

Hata majina yaliyomo katika ramani na vitabu yana alama za sauti hizo. Tunaandika Rufiji, wao husema Ruihi. Tunaandika Ndengereko, na mtafiti Eva-Marie Ström, aliyewasilisha tasnifu yake juu ya lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Gothenburg mwaka 2013, aliandika Ndengeleko, kwa kufuata l ya wenyewe. Muhoro na Mohoro ni mji mmoja. Na mtu mashuhuri kuliko wote waliotoka nchi hii, wanahistoria humwandika Kinjikitile, na Ebrahim Hussein katika tamthilia yake ya mwaka 1969 alimwandika Kinjeketile. Watu hudhani kwamba mmoja amekosea. Mimi naona hakuna aliyekosea: kila mmoja alikuwa akijaribu kuitia katika irabu tano sauti iliyozaliwa katika irabu saba, na mmoja akaiona iko karibu na i, mwingine na e.

Nimemtaja Kinjikitile, na bila shaka msomaji alikuwa akimngojea. Kila mtoto wa Tanzania husoma habari zake shuleni: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwaka 1904 alipandwa na pepo Hongo, akazama katika kidimbwi na kutoka mkavu, akatoa dawa ya maji iliyokuwa iwalinde watu na risasi za Wajerumani. Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, wanaume wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waling'oa miche ya pamba katika shamba la lazima, na hiyo ikawa ishara ya vita. Kinjikitile hakuviona vita hivyo. Wajerumani walimnyonga Muhoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, na moto ulikuwa umeshawaka. Hadi ulipozimwa mwaka 1907, Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 wamekufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliona idadi hiyo ni ndogo mno, akataja kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi.

Katika habari zote hizo mimi huvutwa zaidi na namna neno lenyewe lilivyosafiri. Dawa haikutangazwa kwa ngoma wala kwa barua. Ilipita kwa mnong'ono, mtu kwa mtu, na mnong'ono huo ulikuwa na jina lake huko Umatumbi: Njwiywila. Wazee waliohojiwa na Gwassa katika miaka ya 1960 walieleza kwamba ulikuwa mkutano wa siri, na aliyetaka kusikiliza alitoa pesa moja. Aliyesikia aliwapelekea wenzake. Muda wa mwaka mzima habari za vita zilizunguka baina ya watu maelfu, na bwana wa Kijerumani pale Muhoro, mwenye makarani na maakida na askari wanaojua Kiswahili vizuri, hakuupata undani wake. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya boma, ya kodi na kesi na kiboko, na siri zilipitia chini yake, katika lugha ambazo boma halikuzijali.

Hata hivyo, vita vilipotoka sirini na kuwa vya wazi, vilitoka na jina la Kiswahili. Maji. Neno hilo lilivuka kutoka kwa Wamatumbi hadi kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni, watu wasioelewana majumbani mwao, na wote walilitamka katika vita hivyo. Ndipo ninapowaambia wenzangu wanaohuzunikia lugha za bara kwamba wasifanye haraka kukilaani Kiswahili. Mwaka 1905 kilikuwa tayari mali ya watu hao, na walikitumia walipotaka kuwa wengi. Lugha ya nyumbani ilikuwa ya kuaminiana, na Kiswahili kilikuwa cha kuungana. Mtu mmoja alikuwa na zote mbili, wala haikumpitikia kwamba siku moja ataambiwa achague.

Kumbukumbu za vita hivyo, lakini, zilichagua upande mmoja. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi mrefu wa Kiswahili, ambao Whiteley alikuja kuutoa pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1957 chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Ni kazi kubwa, na mpenda utenzi asiyeupata amekosa mengi. Lakini unatazama kwa macho ya mtu wa mwambao, msomi wa Kiislamu wa mjini, si ya mpiganaji aliyekuwa kilimani. Hussein akaandika tamthilia, nayo ni ya Kiswahili. Gwassa na John Iliffe walitoa kijitabu cha ushahidi wa wazee, kwa Kiingereza. Nyimbo ambazo bila shaka ziliimbwa Nandete na Ngarambe kwa lugha za huko, usiku wa kuteka maji, hazina utenzi wala kijitabu. Njwiywila ilitimiza kazi yake barabara. Ilificha mambo kwa mabwana, na pamoja nao imetuficha na sisi.

Miaka kumi baada ya Kinjikitile, jina la Rufiji lilienea duniani kwa sababu nyingine. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika mikono ya delta tangu mwaka 1914, Waingereza wakaizingira miezi mingi, na ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Nimehesabu katika maktaba moja ndogo vitabu vitatu vya Kiingereza juu ya meli hiyo. Juu ya lugha za watu waliokuwa wakiishi baina ya mizinga ya pande mbili, hakukuwa na hata kimoja.

Si kwamba hazijaandikwa kabisa. Bernhard Krumm alitoa muhtasari wa sarufi ya Kimatumbi mjini Berlin mwaka 1912, na orodha ya maneno ikafuata. David Odden wa Marekani alitoa kitabu kizima cha fonolojia na mofolojia ya Kimatumbi mwaka 1996, kazi ambayo wanaisimu wa dunia huirejea kwa sababu sauti za lugha hiyo ziliwapa maswali waliyokuwa hawana. Wanafunzi wa vyuo vya mbali, wasioweza kuionyesha Rufiji katika ramani, hufundishwa kanuni za konsonanti kwa mifano ya Kimatumbi. Msomaji ataona mahali penye jeraha. Lugha hizi zimeelezwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, lugha ambayo kila Mmatumbi na kila Mndengereko huisoma, hakuna kitabu cha namna hiyo ambacho mwalimu wa Chumbi angeweza kukinunua akakifungua mbele ya watoto. Tumejivunia kwa haki kwamba Kiswahili ni lugha ya taaluma, na taaluma ya jirani zake wa karibu kabisa kimewaachia wageni.

Watu hupenda kupata mkosaji mmoja wa kupungua kwa lugha hizi, na aghalabu huitaja serikali ya baada ya uhuru. Hesabu hiyo ni fupi mno. Kiswahili kilikuja Rufiji kwa jahazi la kuchukua boriti na mchele, kwa mikopo ya maduka ya Wahindi, na kwa mashehe na madrasa, hasa baada ya Maji Maji, pale Uislamu ulipoenea kwa kasi katika nchi iliyovunjwa na vita na njaa. Mtoto wa chuoni alisoma Kurani kwa Kiarabu, akafafanuliwa kwa Kiswahili. Kisha wakaja maakida wa Kijerumani na shule za Waingereza. Kisha TANU, na mikutano yake ya Kiswahili iliyomfanya mkulima wa bondeni ajione yeye na mvuvi wa Tanga ni ndugu. Kila hatua katika hizi ilipokewa kwa hiari au nusu ya hiari, na kila moja ilikuwa na faida ya wazi.

Pigo ambalo mimi nalipa uzito zaidi lilikuwa la ardhi, wala halikuwa na nia yoyote juu ya lugha. Mrufiji wa zamani aliishi ndani ya bonde. Shamba lake lilikuwa pale mto unapopanda na kushuka, na nyumba yake ilikuwa dungu, yaani kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambapo aliulinda mpunga na ndege, nguruwe na kiboko, na ambapo alikaa salama maji yakipita chini yake. Mto ulipofura mapema aliupokea kwa mpunga. Ulipoanza kupungua alipanda katika tope lenye unyevu mahindi na pamba, na kilimo hicho cha kufuata maji yanayoondoka kiliitwa mlau. Watu hawakukaa kijiji kimoja kilichobanana. Walitapakaa kwa koo kando ya vijito, na lugha ilikaa nao, bibi na mjukuu katika dungu moja kwa miezi, wakilinda ndege hawana la kufanya ila kuzungumza.

Mwaka 1968 na 1969, katika Operesheni Rufiji, serikali iliwahamisha watu wa bonde hadi nchi ya juu, katika vijiji vya pamoja. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuwakusanya watu vijijini, kabla ya zile za miaka ya 1970 zilizojulikana zaidi. Sababu zilizotolewa zilikuwa za huruma: mafuriko huua, shule na zahanati haziwezi kumfuata kila mtu bondeni. Na kweli walipata shule. Lakini shamba lilibaki bondeni na nyumba ikawa kilimani, mwendo wa saa nyingi kwa miguu, na Kjell Havnevik, aliyeichunguza wilaya hiyo miaka mingi, ameeleza vizuri namna uzalishaji ulivyoumia. Jambo la lugha hakulishughulikia, na si kazi yake. Mimi nataka kuliongeza. Katika kijiji kipya Mrufiji alipakana na Mndengereko, Mmatumbi na Mngindo, mlango kwa mlango, na mwalimu kutoka mkoa mwingine. Lugha ya uani ikawa Kiswahili. Watoto walikaa shule badala ya dunguni. Kizazi kimoja tu kilitosha: wazazi walizungumza lugha yao wao kwa wao, wakawasemesha watoto kwa Kiswahili, na watoto wakakua wanasikia wasijibu. Ström alipokwenda kukichunguza Kindengereko, hali aliyoikuta ndiyo hiyo, wasemaji wazuri wakiwa watu wazima na wazee.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizikumbuka lugha za asili kwa maneno mazuri, ikawataka wananchi wazithamini na wataalamu wazichunguze. Shule na redio hazikubadilika. Wapo wanaochelea kwamba kuzipa lugha hizi nafasi hata ndogo ni kuufungulia mlango ukabila. Nawaheshimu, kwa kuwa hofu yao haikutoka hewani. Ila sijapata kuona ugomvi wa kikabila ulioanzishwa na kamusi. Na Mndengereko anayekijua Kindengereko hana upungufu wa utaifa. 

Yapo maneno yanayokufa kwa kukosa wasemaji, na yapo yanayokufa kwa kukosa kazi. Mlau hauwezi kuelezwa kwa mtu asiyeujua mto unaopanda kwa wakati wake. Tarehe 22 Desemba 2022 maji yalianza kujazwa katika bwawa la Julius Nyerere, pale Stiegler's Gorge, ambalo limejengwa kutoa megawati 2,115 za umeme. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Miezi miwili baadaye, Aprili, katika mvua za El Niño, Rufiji na Kibiti zilifunikwa na mafuriko yaliyochukua mashamba na nyumba, Muhoro ikiwa katika walioumia zaidi. Palizuka mabishano makali juu ya sehemu ya bwawa katika maafa hayo, nami siyaingii. Wazee wa bonde waliyajua mafuriko ya kila namna na waliyapa majina: yale ya mapema na ya kuchelewa, yanayoleta tope na yanayochukua mbegu. Ilikuwa elimu iliyokusanywa kwa vizazi, na chombo chake kilikuwa lugha. Mto ulio nyuma ya ukuta wa zege utakuwa na tabia nyingine, na tabia hiyo itaelezwa kwa lugha ya wahandisi. Watu wa Chumbi watajifunza upya kuusoma, na sijui kama watausoma kwa maneno yao.

Sisi wa visiwani tuna hisa katika jambo hili kupita ile ya boriti. Unyago wa Unguja, ule uliomfanya Bi Kidude asifike duniani hadi alipofariki mwaka 2013, uliletwa na wanawake wa bara, wengi wao wakiwa watumwa au watoto wa watumwa, kutoka nchi nyingi za kusini. Katika nyimbo zake yamo maneno ambayo waimbaji huyatamka kwa uhakika na hawawezi kuyafasiri. Huambiwa kwamba ni maneno ya ndani, ya siri. Baadhi ni siri kweli. Mengine, naamini, yalikuwa maneno ya kawaida kabisa katika nchi yaliyotoka, maneno ya maji na jungu na mwali, yakawa siri kwa kuwa waliokuwa wakiyafahamu walikufa mbali na kwao. Ni kazi nzuri kwa kijana mwenye masikio na kinasa sauti: achukue nyimbo hizo, avuke, akae na mabibi wa Muhoro na Chumbi na Kibiti, aone ni maneno mangapi watayatambua. Itambidi aende mapema.

Neno dungu limo katika kamusi zetu. Limeelezwa kuwa jukwaa la shambani la kulindia ndege. Kamusi zina desturi njema ya kuonyesha asili ya maneno yaliyotoka kwa Waarabu, Wahindi, Waajemi, Wareno na Waingereza, kila moja na kifupisho chake katika mabano. Neno lililotoka kwa jirani wa Kibantu halipewi kifupisho, huhesabiwa kuwa letu tangu azali. Basi dungu limesimama pale katika ukurasa wake, juu ya nguzo zake, bila ya kusema ni nani aliyelijenga.